Kabla Hujanunua Redio ya Kidijitali: Mwongozo Kamili kwa Msikilizaji wa Afrika Mashariki na Ndugu Yake Aliye Ughaibuni

Mwaka juzi shangazi yangu wa Tanga aliletewa redio na mwanawe anayeishi Birmingham. Ilikuwa redio ya kupendeza, yenye ganda la mbao iliyong'arishwa, mpini wa ngozi na kioo kidogo cha rangi ya samawati. Plagi yake ya meno matatu iliingia ukutani bila adapta, kioo kikawaka, redio ikaanza kutafuta stesheni yenyewe, na baada ya dakika moja hivi ikaandika kwamba stesheni zilizopatikana ni sifuri. Tuliitoa barazani tukajaribu tena huku antena imevutwa mpaka mwisho, na jibu likawa lile lile. Hata saa yake ilibaki ikimwekamweka kwenye 00:00, kwa sababu redio za aina hiyo husubiri kupewa saa na matangazo yenyewe. Shangazi alinitazama, akauliza, “Mwanangu, imeharibikia njiani?”

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inatafuta mawimbi ambayo hakuna mnara wowote wa Tanga unaoyarusha. Mwongozo huu umeandikwa ili mwingine asiingie gharama ya namna hiyo, na jibu lake kwa ufupi ni kwamba redio ya kidijitali hununuliwa kwa kuangalia mnara kwanza na kifaa baadaye. Ukiwa London au Oslo, inunue bila wasiwasi. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, hela yako bado ina kazi nyingine. Hatua zinazofuata zinaeleza kwa nini, na namna ya kujithibitishia mwenyewe badala ya kumtegemea muuzaji.

Hatua ya kwanza: fahamu neno “dijitali” kwenye boksi lina maana gani

Ukipita Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, utaona redio nyingi ambazo maboksi yake yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni za kidijitali. Nyingi ya hizo ni redio za FM za kawaida. Kilicho cha kidijitali ndani yake ni namna ya kuchagua stesheni: badala ya kuzungusha gurudumu na kutazama sindano nyekundu ikitembea, unabonyeza kitufe na kioo kinakuonyesha 98.4 au 101.0. Nyingine zina kidude cha ndani kinachochakata mawimbi kwa hesabu za kompyuta, na hizo huwa na usikivu mzuri sana, hasa katika masafa ya kati na masafa mafupi. Lakini matangazo yanayoingia kwenye antena yake ni yale yale ya analojia ambayo redio ya babu iliyapokea.

Sisemi kwamba redio hizo ni mbaya, na nyingi ninazipenda. Ninachokataa ni kulipa bei ya teknolojia mpya kwa kununua kitufe. Njia ya kutambua ni rahisi: geuza boksi, usome masafa yaliyoorodheshwa. Ukiona FM 87.5 hadi 108 MHz, na pengine AM na SW, basi hiyo ni redio ya kawaida yenye kioo cha namba. Redio ya kidijitali ya kweli itataja mfumo wake kwa jina, yaani DAB, DAB+, DRM au HD Radio. Jina lisipoonekana, mfumo haumo, hata muuzaji aape vipi.

Hatua ya pili: ijue mifumo, kwa maana haielewani

Katika FM kila stesheni ina masafa yake. Katika mfumo wa DAB, ambao ulianza kubuniwa Ulaya mwaka 1987 na kuingia hewani rasmi mwaka 1995 kupitia mashirika ya utangazaji ya NRK ya Norway na BBC ya Uingereza, stesheni kadhaa hugeuzwa kuwa namba, hufungwa pamoja katika kifurushi kimoja, na kurushwa kwa wakati mmoja kwenye kipande cha masafa chenye upana wa takriban MHz 1.5. Redio yako hupokea kifurushi chote, hukifungua, na kukupa stesheni uliyoichagua kwa jina lake. Masafa yanayotumika ni kati ya MHz 174 na 240, ambayo wazee wetu waliyafahamu kwa televisheni za VHF.

DAB ya mwanzo ilitumia namna ya kubana sauti ambayo sasa imepitwa na wakati. Toleo lililotangazwa mwaka 2007, yaani DAB+, hubana sauti vizuri zaidi, kwa hiyo kifurushi kile kile hubeba stesheni nyingi zaidi. Redio ya DAB+ hufungua matoleo yote mawili, lakini redio ya zamani ya DAB haiwezi kufungua DAB+. Hapa ndipo redio za mtumba kutoka Uingereza zinapowanasa watu, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa kabla ya mabadiliko hayo, na stesheni kadhaa za huko tayari zimehamia toleo jipya.

Marekani ilichukua njia yake. Mwaka 2002 mamlaka ya huko iliidhinisha HD Radio, ambayo huweka matangazo ya kidijitali pembeni mwa masafa yale yale ya FM au AM ya stesheni husika. Msikilizaji halipi ada ya mwezi, na stesheni moja inaweza kuongeza chaneli ya pili na ya tatu. Redio ya HD iliyonunuliwa Marekani haitapata chochote cha kidijitali ukiipeleka Ulaya, wala ya Ulaya haitafaa Marekani.

DRM, ulioanza kurusha rasmi mwaka 2003, ndio mfumo ambao kwa maoni yangu ungetufaa zaidi kijiografia. Hufanya kazi katika masafa ya kati na mafupi, ambapo mtambo mmoja hufika mamia ya kilomita, na pia una toleo la masafa ya juu. Kwa nchi yenye vijiji vilivyotawanyika kama Tanzania, hoja yake ni nzito. Tatizo lake ni vifaa. India imefunga DRM kwenye mitambo zaidi ya 30 ya shirika lake la utangazaji, na magari kadhaa mapya ya huko hutoka kiwandani yakiwa na redio za DRM, lakini redio za mezani za mfumo huo zimebaki chache na za bei kubwa. Mtambo bila redio mikononi mwa watu ni sawa na muadhini aliyepanda mnara katika mji uliohamwa.

Jambo moja huiunganisha mifumo yote hii: namna sauti inavyokufa. FM ikidhoofika huanza kukwaruza, lakini maneno unayasikia, na mtu aliyezoea hufuatilia mechi nzima ndani ya mikwaruzo. Sauti ya kidijitali hubaki safi mpaka mawimbi yanapopungua kiasi fulani, kisha hukatika ghafla. Katika DAB, kabla ya kukatika husikika mtangazaji kama anasoma taarifa huku akisukutua maji. Kwa hiyo usikubali kauli kwamba redio ya kidijitali “inashika mbali zaidi”. Inashika vizuri pale ilipopangiwa kushika.

Hatua ya tatu: ulizia mnara

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na nakushauri usiendelee na nyingine mpaka uikamilishe. Andika kwenye karatasi stesheni tano unazozisikiliza kweli kila wiki. Kisha jiulize, kwa kila moja, inarushwa kwa mfumo gani mahali unapolala. Kwa msikilizaji wa kawaida wa Tanzania, Kenya au Uganda, karatasi hiyo itajaa FM peke yake, na hakuna huduma ya kudumu ya kitaifa ya DAB+ itakayomwongezea stesheni ya sita. Maswali yapelekwe kwa mamlaka zinazogawa masafa, ambazo ni TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya na UCC kwa Uganda. Majaribio ya kitaalamu yanayosikika kwa miezi michache katika mji mmoja yasikushawishi kununua. Afrika Kusini ilianza kujaribu DAB+ eneo la Johannesburg na Pretoria mwaka 2014, na miaka mingi baadaye msikilizaji wa kawaida wa huko bado yuko FM.

Kwa wenzetu walio ughaibuni mambo ni tofauti. Norway ilizima FM ya kitaifa mkoa baada ya mkoa, kuanzia Nordland tarehe 11 Januari 2017 hadi Desemba mwaka huo huo. Sababu ilikuwa ya kihesabu: FM iliweza kubeba chaneli tano tu za kitaifa, wakati DAB ilikuwa tayari inabeba 22, na kuendesha mitandao miwili katika nchi ya milima na ghuba ni gharama kubwa. Stesheni nyingi ndogo za mitaa ziliruhusiwa kubaki FM, lakini anayeishi Norway bila DAB+ hawezi kuisikia NRK kwa redio yake. Uswisi, shirika la utangazaji la umma lilizima FM yake mwishoni mwa 2024, likapoteza wasikilizaji, na mjadala kuhusu stesheni binafsi ukafunguliwa upya bungeni. Uingereza FM na DAB zipo pamoja, na serikali ilikwishaeleza kwamba FM itaendelea angalau hadi 2030. Aliye huko ananunua DAB+ kwa ajili ya wingi wa stesheni, bila haraka ya kuzimiwa.

Hatua ya nne: kumbuka tulivyowahi kuumia

Wapo watakaosema ni heri kununua mapema ili wasipitwe. Hao nawakumbusha WorldSpace, kampuni ya redio ya satelaiti. Satelaiti yake ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998 mahususi kwa ajili ya Afrika, na mwanzilishi wake, Noah Samara, alikuwa na hoja ya kuvutia: sauti safi ya kidijitali kutoka angani hadi kijiji kisicho na mnara wowote. Redio zake zilikuwa na antena bapa ambayo uliilaza dirishani na kuigeuzageuza taratibu mpaka alama za mawimbi zipande. Ilifanya kazi. Lakini Oktoba 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, huduma ikazimika, na vile vifaa vikabaki mapambo ya kabati, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyerusha matangazo kwa mfumo huo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Kenya ilipoanza televisheni ya kidijitali mwishoni mwa 2009, ilitumia mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2. Waliokuwa wamewahi kununua ving'amuzi vya mwanzo walilazimika kununua vingine. Walioonekana wazembe kwa kuchelewa ndio waliotoa hela mara moja. Tanzania nayo ilipoanza kuzima analojia, tarehe 31 Desemba 2012 jijini Dar es Salaam, watu walijua siku mapema na maduka yalikuwa na mzigo. Redio ikifikia huko, dalili zitakuwa zile zile: tarehe itatangazwa na mamlaka, shirika la utangazaji la taifa litakuwa hewani kwa kudumu na si kwa majaribio, na utaikuta redio yenyewe ikiuzwa Morogoro au Nakuru, si katika duka moja la bei ghali la jijini. Mpaka dalili hizo tatu zionekane pamoja, subira haikugharimu kitu.

Hatua ya tano: pigia hesabu redio ya intaneti

Kuna wanaouliza, ikiwa nataka sauti safi na stesheni za mbali, si nitumie simu? Unaweza, lakini piga hesabu kwanza. Stesheni inayorusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa. Ukisikiliza saa nne kwa siku, mwezi mzima ni karibu gigabaiti tatu na nusu. Stesheni ya kilobiti 128 huongeza mara mbili, yaani karibu gigabaiti saba. Linganisha na bei ya bando lako, kisha kumbuka kwamba FM hailipiwi hata senti.

Kwa aliye Muscat au Minneapolis anayetaka kusikia stesheni ya Zanzibar au Mombasa, intaneti ndiyo njia ya uhakika, na wala hahitaji redio maalumu ikiwa ana simu na spika. Kwa aliye nyumbani, ashike kwanza simu yake na kutazama kama ina programu ya FM. Simu nyingi za bei ya chini bado zinayo. Chomeka visikizi vya waya, kwa kuwa waya ndio antena, na utasikiliza bila kugusa bando. Visikizi visivyo na waya havifanyi kazi hiyo.

Hatua ya sita: ukinunua gari

Wanunuzi wa magari kutoka Japani wanalijua somo hili bila kuambiwa. Redio za huko zilitengenezwa kwa FM ya Japani, kuanzia MHz 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hadi 95, ndiyo maana gari likishuka bandarini stesheni zetu nyingi hazipatikani mpaka fundi afunge ekspanda kwenye waya wa antena. Kidude hicho huyashusha masafa, kwa hiyo stesheni ya 98.4 unaweza kuikuta kwenye 78.4, na ukikabidhiwa gari la mtu mwingine unapapasa kama uko ugenini.

Magari kutoka Uingereza hayana tatizo hilo, kwa kuwa FM yake ni kama yetu, na mengi huja na DAB pia. Umoja wa Ulaya nao uliagiza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba 2020 magari mapya ya abiria yenye redio yawe na uwezo wa kupokea redio ya kidijitali ya ardhini. Muuzaji akikuonyesha kitufe cha DAB kama sifa ya kuongeza bei, mwombe akibonyeze hapo hapo. Kikinyamaza, bei irudi ilikokuwa.

Hatua ya saba: ukiwa mahali ambapo inafaa, nunua hivi

Sharti la kwanza ni DAB+ pamoja na FM katika kifaa kimoja. Redio ya DAB isiyo na FM usiinunue hata ikipunguzwa nusu bei, maana siku ukihama nchi utakuwa umehama nayo bure. Halafu angalia umeme. Kufungua kile kifurushi cha namba ni kazi, na redio hizi hula betri kwa kasi kuliko redio ya FM ya kawaida, kwa hiyo yenye betri ya kuchaji ndani yake itakupunguzia gharama ya mawe. Kama huwa unasikiliza bafuni au jikoni, iwashe dukani ukiwa mbali na dirisha, ndani kabisa ya duka, usikie inavyojimudu, kwa sababu kuta nene humaliza mawimbi.

Ukifika nyumbani, vuta antena na uisimamishe wima, isogeze redio karibu na dirisha, kisha uiamuru itafute stesheni upya. Rudia utafutaji huo kila baada ya miezi michache, kwa kuwa stesheni huhamishwa kutoka kifurushi kimoja hadi kingine, na redio ambayo haijatafuta upya hubaki na majina ya stesheni zilizokwishahama. Usishangae pia kwamba sauti huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya FM. Jirani mwenye FM atashangilia bao wakati mchezaji wako bado anakokota mpira katikati ya uwanja, na mlio wa kutimia kwa saa si wa kurekebishia saa ya mkononi.

Hatua ya nane: ukiwa mahali ambapo haifai, tumia hela hiyo vizuri

Sehemu ya bei ya redio ya DAB inatosha kununua redio ya FM nzuri yenye masafa ya kati na mafupi, betri inayobadilishika na spika isiyopiga kelele ya bati. Dukani usiijaribu kwa stesheni yenye nguvu, kwani hiyo hata redio mbovu itaishika. Tafuta stesheni dhaifu iliyo jirani na yenye nguvu, usikie kama redio inaweza kuzitenganisha. Kama nyumbani mawimbi ni hafifu, waya wa shaba wa sentimita 75 hivi, ulioshikizwa kwenye antena na kuning'inizwa dirishani, mara nyingi hufanya kazi kubwa kuliko kubadili redio.

Na ndugu aliye ughaibuni anayetaka kuleta zawadi, aulize maswali matatu kabla hajalipa: ina FM ya hadi 108? Inatumia betri au ni ya kuchomeka ukutani tu? Chaja yake inakubali volti 230, maana za Marekani nyingine ni za volti 120 pekee?

Redio ya shangazi ilifaulu swali la kwanza na la tatu. Nilibonyeza kitufe cha kubadili bendi mpaka kioo kikaandika FM, nikatafuta, na TBC Taifa ikatoka kwa sauti nene ya kupendeza kupitia ile mbao. Alifurahi kwa wiki mbili. Kisha umeme ukakatika jioni ya taarifa ya habari, akaigeuza redio chini juu akitafuta pa kuweka betri, asipaone, akaenda chumbani kuitoa ile ya zamani.